Njia ya Ngomo na Taa Iliyozimika

Mtu anayetaka kutoka Bukavu kwenda Uvira bila kuvuka mpaka wa nchi hana budi kuushuka mlima wa Ngomo. Njia yenyewe si ndefu, kilomita kama 130 tu. Lakini kilomita hazilingani. Kuna kilomita za tambarare ambazo abiria huzipita akisinzia, na kuna kilomita za Ngomo, ambapo hata asiyesali hujikuta akifanya ishara ya msalaba.

Miaka mingi madereva walipendelea kuzunguka kwa upande wa Rwanda, kwenye lami ya Bugarama, wakarudi Kongo huko Kamanyola. Lakini mwenye kubeba mgonjwa usiku hana nafasi ya kungoja mlango wa forodha ufunguliwe. Yeye hupita Ngomo. Nasi tulipita huko usiku mmoja wa mwezi wa tano mwaka 2018. Nataka kuwasimulia njia hiyo, na jambo tulilofunzwa humo na kipande cha waya kisichozidi urefu wa mkono.

KUTOKA ZIWA HADI ZIWA

Tuanze juu. Mji wa Bukavu umekaa kando ya Ziwa Kivu, juu ya rasi zinazoingia majini kama vidole vya mkono. Wazee wanakumbuka jina lake la zamani, Costermansville. Wakristo wanakumbuka zaidi damu ya Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa katika mji huo tarehe 29 Oktoba 1996, kwa kuwa hakukubali kuwaacha kondoo wake. Ukielekea kusini wapita Panzi, penye hospitali iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Kisha wafika Nyangezi, misioni ya zamani ya Mapadri Weupe, kwenye migomba na baridi ya asubuhi.

Baada ya Nyangezi nchi yakatika ghafula. Mkono wa kuume pana ukuta wa mlima. Mkono wa kushoto hapana kitu, ila hewa, na chini kabisa bonde la Ruzizi. Barabara ni nyembamba, ya udongo mwekundu, nayo hujipinda hivi kwamba mara nyingine dereva aona mbele yake njia aliyokwisha kuipita. Mvua ikinyesha, mlima hudondosha mawe na matope. Ukitazama kwa mbali waona Rwanda, na mbele zaidi Burundi, maana nchi tatu zakutana karibu na Kamanyola.

Ziwa Kivu liko mita kama 1,460 juu ya bahari. Ziwa Tanganyika liko mita kama 770. Mto Ruzizi watoka katika ziwa la kwanza na kujimwaga katika la pili, hivi kwamba huanguka karibu mita 700 katika safari yake. Barabara nayo yaanguka pamoja na mto, lakini kwa shida zaidi, maana maji hayahitaji breki.

Nguvu ya kuanguka huko haikuachwa bure. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kituo cha kwanza cha umeme kilijengwa mahali mto unapotoka ziwani. Mwaka 1989 kituo cha pili kilianza kazi chini yake, nacho ni cha nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Maji yasukuma gurudumu, gurudumu lazungusha sumaku ndani ya nyaya za shaba, na katika shaba hiyo umeme wazaliwa. Jambo hilo lilionyeshwa na mtaalamu wa Uingereza Michael Faraday mwaka 1831.

Kwa nini nawaambia habari hizi? Kwa sababu kila motokari ina Ruzizi yake ndogo chini ya boneti. Jina lake ni altaneta. Injini yazungusha mkanda, mkanda wazungusha altaneta, nayo yatoa umeme wa taa na kuirudishia betri nguvu iliyotumika kuwasha injini. Magari ya kale yalikuwa na dinamo. Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kutia altaneta katika gari lake la Valiant, na baadaye viwanda vingine vikafuata. Altaneta ikifa, gari laendelea kidogo kwa akiba ya betri, kama nyumba inayokula mbegu baada ya chakula kwisha.

USIKU WA NGOMO

Parokia yetu iko katika tambarare ya Ruzizi, upande wa Luvungi. Ilikuwa na pikapu moja ya dizeli, kuukuu, yenye umri uliopita miaka 20. Pikapu hiyo ilibeba kila kitu: sementi, mihogo, divai ya Misa, wanakwaya, wagonjwa na maiti. Watoto wa shule walizoea kuisukuma asubuhi ili iwake, nao walifanya kazi hiyo kwa nyimbo. Sisi wakubwa tulicheka tu. Hatukujua kwamba gari lilikuwa likitueleza ugonjwa wake.

Katika miezi tisa altaneta yake ilikuwa imekwisha kufa mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ile ya tangu zamani, hatukushangaa. Ya pili, iliyonunuliwa sokoni, ilidumu miezi minne na zaidi kidogo. Kila mara mashirika yetu ya Kikristo yalichanga fedha, kila nyumba kadiri ya uwezo wake, wengine wakileta mchele badala ya fedha. Tukanunua ya tatu.

Usiku ule mkunga wa zahanati alibisha hodi kwa Padri. Mama mmoja alikuwa katika uchungu tangu alfajiri na mtoto hatoki. Alihitaji kupasuliwa, na daktari wa kumpasua alikuwa Bukavu. Tulimlaza mama kwenye godoro nyuma ya pikapu. Mumewe akapanda, na mama mkwe, na mkunga. Mimi, mwalimu na mwandishi wa halmashauri ya parokia, niliketi mbele karibu na dereva.

Tulipoanza kupanda Ngomo mvua ilikuwa imekatika. Ndipo nilipoona taa za mbele zikigeuka kuwa nyekundu kama makaa, halafu hafifu kama mshumaa. Taa ndogo ya chaji ilikuwa ikiwaka mbele ya dereva.

«Mwalimu,» dereva akaniambia kwa sauti ya chini, ili walio nyuma wasisikie, «imekufa tena.»

«Tusimame?»

«Tukisimama hatuwaki tena. Hapa hakuna wa kutusukuma.»

Injini ya dizeli ya namna ile haihitaji umeme mwingi ili iendelee kwenda. Lakini penye pampu ya dizeli pana vali ndogo inayoshikwa wazi kwa umeme. Betri ikikauka kabisa, vali hujifunga, dizeli haipiti, na injini hunyamaza. Dereva alijua hayo. Alizima kila kitu: taa za mbele, taa za nyuma, hata kifuta maji cha kioo. Yule mume aliteremka na kurunzi mkononi, akatembea mbele yetu upande wa bonde, nasi tukamfuata polepole gizani. Nyuma, mama mkwe alianza Rozari. Sikumbuki tulifika fungu la ngapi. Nakumbuka tu mgongo wa yule mwanamume, na duara ndogo ya mwanga juu ya udongo mwekundu, na bonde lililokuwa karibu nasi hatua mbili.

Tulifika. Mama alipasuliwa kabla ya mapambazuko, na mtoto wa kiume akalia. Deo gratias. Lakini asubuhi, tulipoketi nje ya hospitali tukinywa chai, hapana aliyefurahi kabisa. Kila mmoja aliwaza: na safari nyingine?

MANUNG'UNIKO

Katika gereji moja ya Bukavu walitutilia altaneta ya nne. Kijana mmoja alitaka kutuonyesha kwamba ni nzima. Injini ikiwa inanguruma, alichomoa waya wa betri. «Mnaona? Injini haizimi. Altaneta ni nzuri.» Tuliona, tukaamini, tukalipa kwa fedha tulizokopa. Zile tatu zilizokufa tuliziweka katika gunia, maana dereva wetu hatupi kitu.

Tukashuka Ngomo mchana, jua likiwa kali. Kila mtu ajuaye njia ile anajua jinsi mwili unavyobadili nguo: Nyangezi unavaa koti, Kamanyola unalivua. Chini tambarare yafunguka, mashamba ya mpunga na mihogo, ng'ombe wakivuka barabara bila haraka, na joto lililolala juu ya kila kitu. Lakini mimi sikuitazama nchi. Nilitazama taa ya chaji. Kabla ya Luvungi, kila gurudumu lilipoingia shimoni, taa ile ilimetameta kidogo, kisha ikazimika, kama jicho la mtu anayekonyeza.

Jumapili baada ya Misa halmashauri ilikutana. Wasomaji wapenzi, hapa lazima niseme jambo la aibu. Watu wamechoka kuchanga, na mtu aliyechoka hutafuta wa kumlaumu. Mmoja alisema ni mkono wa mtu, gari limerogwa. Padri alimnyamazisha. Lakini mwingine alisema neno lililoingia zaidi: «Altaneta haifi mara tatu kwa miezi tisa. Labda zile nzuri zinauzwa, na mbovu zinarudishwa garini.» Hakutaja jina. Hakuhitaji kutaja, dereva ni mmoja tu.

Dereva wetu, baba wa watoto sita, alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia. Hakujibu. Aliweka ufunguo wa gari juu ya meza ya Padri, akatoka. Nami, niliyekuwa naye Ngomo, niliyemwona akituokoa gizani, nilinyamaza. Moyoni nilijiuliza: na kama ni kweli?

Padri aliushika ule ufunguo kitambo. Akasema: «Hatujui gari lina ugonjwa gani, na tayari tumejua mwizi ni nani. Nendeni kwanza Uvira, kwa mzee fundi.» Jioni hiyo alikwenda yeye mwenyewe nyumbani kwa dereva, akamrudishia ufunguo.

MZEE WA UVIRA

Kutoka Luvungi hadi Uvira barabara ni tambarare, milima ya Mitumba kuume na mto usioonekana kushoto. Tulipita Sange kimya. Hapo, tarehe 2 Julai 2010, lori la petroli lilipinduka, likalipuka, na watu zaidi ya 200 wakafa kwa moto. Dereva alipunguza mwendo na kuvua kofia. Tulipita Kiliba, mahali ambapo kiwanda cha sukari kiliwapa watu wengi kazi kwa miaka mingi. Kisha upepo wa Ziwa Tanganyika ukatupiga usoni, na Uvira ukaonekana, mji mwembamba uliobanwa kati ya mlima na maji.

Mzee tuliyemtafuta alikuwa na kibanda chini ya mwembe. Aliwahi kutunza mashine kubwa ujanani mwake. Dereva alianza kueleza, lakini mzee hakufungua boneti. Alivuta kiti.

«Mwanangu, kabla sijaishika, niambie. Ya kwanza ilikufa lini?»

«Mwezi wa nane mwaka jana, Mzee.»

«Na kabla ya mwezi huo, gari lilifanyiwa kazi gani?»

Dereva akafikiri. «Tuliishusha giaboksi kubadilisha klachi. Mwezi wa sita.»

«Na baada ya hapo asubuhi iliwaka vizuri?»

«Hapana. Ndipo watoto walipoanza kuisukuma. Tulisema betri imezeeka.»

Mzee akatikisa kichwa polepole. Kisha akauliza kama kuna altaneta iliyokufa ambayo haijatupwa. Dereva akaleta gunia lake. Mzee alizifungua zote tatu juu ya meza, moja baada ya nyingine, kama daktari anayetaka kujua maiti ameuawa na nini. Akatuita tuone.

«Tazameni kaboni hizi zinazopeleka umeme kwenye rota. Katika ya kwanza zimelika kwa umri, katika hizi mbili bado ni ndefu. Lakini hata za ile ya kwanza zilikuwa zikigusa. Beringi zote zazunguka vizuri. Hakuna mafuta ya injini yaliyoingia ndani. Mafuta huziua altaneta nyingi za dizeli, lakini si hizi. Sasa tazameni hapa.» Alionyesha kisahani chenye vidude vidogo. «Hizi ni diodi. Umeme wa altaneta huzaliwa ukienda na kurudi. Diodi ni kama milango inayofunguka upande mmoja tu, ili umeme uende mbele kwenye betri. Katika zote tatu, diodi zimeungua. Wafu watatu, jeraha moja. Fundi mbaya aweza kuua altaneta moja, na muuzaji mbaya aweza kukuuzia moja mbovu. Lakini zikifa tatu kwa jeraha moja, muuaji yumo ndani ya gari lenyewe.»

Nilimtazama dereva. Alikuwa akitazama chini.

Ndipo mzee alipofungua boneti. Kwanza aliubonyeza mkanda kwa kidole gumba: ulikuwa umekazwa vema, haukuteleza. Kisha akaitoa betri na kuitia chaji usiku kucha kwa mashine yake, nasi tukalala kwa ndugu mmoja wa parokia. Asubuhi aliipima. Betri nzima ya gari, iliyojaa na kupumzika, huonyesha volti kama 12.6, maana ina vyumba sita, na kila chumba kina volti mbili na ushei. Yetu ilionyesha 10.6.

«Chumba kimoja kimekufa,» alisema mzee. «Betri ya namna hii haishibi kamwe. Altaneta huilisha na kuilisha, kwa nguvu zake zote, mpaka yenyewe inaungua kwa joto. Lakini betri ni mgonjwa wa pili. Namtafuta wa kwanza.»

Akairudisha betri, tukasukuma, injini ikawaka. Akawasha taa zote. Akashika kipimo cha umeme na kutuonyesha hatua kwa hatua. Penye altaneta yenyewe: volti 14.3, vizuri kabisa. Penye betri: 12.9 tu.

«Altaneta yatoa 14.3, betri yapokea 12.9. Volti moja na nusu karibu zapotea njiani. Nani anazila?»

Aliweka ncha moja ya kipimo penye mdomo wa altaneta unaotoa umeme, na ncha ya pili penye kichwa cha betri cha kuongeza: 0.1. «Njia ya kwenda ni safi.» Kisha ncha moja kwenye mwili wa altaneta, na ya pili kwenye kichwa cha betri cha kutoa: 1.3. «Hapa. Isizidi 0.2. Umeme, wanangu, si kama maji ya mto yanayokwenda bila kurudi. Umeme hauendi kama hauna njia ya kurudia. Ninyi mnatazama daima njia ya kwenda, na njia ya kurudi imekatika.»

Akalala chini ya gari na taa. Mara tukasikia akicheka. Aliponyosha mkono alikuwa ameshika mkanda wa shaba uliosukwa, ule waya wa masi unaounganisha injini na shasi. Ulikuwa mweusi kwa kutu, nyuzi zake karibu zote zimekatika. Ncha moja haikufungwa kwa boliti yake. Ilikuwa imebanwa tu chini ya kipande kingine, tena juu ya rangi. Siku ile ya klachi fundi aliufungua ili giaboksi ishuke, na wakati wa kurudisha hakuufunga mahali pake.

MUUAJI NI NANI?

Mzee alitueleza maana yake, nasi tukaelewa yote kwa mara moja. Waya wa kurudi ulipokuwa umelegea, mwashaji wa injini haukupata nguvu ya kutosha. Ndiyo sababu watoto walisukuma. Betri haikujaa kamwe. Ndiyo sababu chumba chake kimoja kilikufa. Na kila gurudumu lilipoingia shimoni, waya uliachana na shasi nukta moja, kisha ukagusa tena. Ndiyo sababu taa ya chaji ilikonyeza.

Tena kuna jambo baya zaidi. Altaneta ikiwa inasukuma umeme kwa nguvu, na ghafula njia ikatike, umeme ule hauna pa kwenda. Volti huruka juu kwa nukta ndogo sana, hata kupita 60, na diodi zisizoweza kustahimili huungua. Betri iliyofungwa vizuri ni kama bwawa: hupokea mafuriko na kuyatuliza. Ikiachana na altaneta, mafuriko hubomoa.

«Basi yule kijana wa Bukavu aliyechomoa waya wa betri injini ikinguruma?» nikauliza.

«Alifanya mara moja kwa mkono,» akajibu mzee, «kazi ambayo Ngomo aliwafanyia kila safari kwa mashimo yake. Wengi hupima hivyo, maana zamani za dinamo haikuleta madhara mengi. Kwa altaneta ni kumpima mtu nguvu kwa kumpiga rungu. Mungu amewahurumia, hii ya nne bado ni hai.»

Waya mpya wa masi ulipatikana sokoni Uvira kwa bei ya chakula cha siku moja. Mzee alikwangua rangi na kutu mpaka chuma kikang'aa, akaufunga kwa boliti mbili, akapaka grisi. Alisafisha vichwa vya betri. Akatupatia betri iliyotumika lakini nzima, tulipe kwa miezi miwili. Kisha akapima tena: penye altaneta 14.2, penye betri 14.1. Dereva akazungusha ufunguo, na injini ikawaka bila mtoto hata mmoja kusukuma. Hapo ndipo nilipomwona, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile, akiinua uso.

Njiani, karibu na Kiliba, nilimwomba msamaha. Nilimwambia kwamba nilinyamaza nilipopaswa kusema. Alikaa kimya mpaka tulipopita Sange. Kisha akasema: «Mwalimu, usiku ule wa Ngomo sikuogopa bonde. Niliogopa mama akifa watasema nimemwua kwa tamaa ya fedha.» Sikuwa na neno la kumjibu.

Jumapili iliyofuata Padri aliweka ule waya mweusi juu ya meza ya halmashauri, akanitaka nieleze yote, volti kwa volti. Nilipomaliza, yule aliyenung'unika alisimama mwenyewe. Alikwenda mlangoni, akamshika dereva mkono mbele ya wote. Padri hakutoa mahubiri marefu. Alikumbusha tu kwamba amri ya nane haisemi juu ya uongo wa mahakamani peke yake, na kwamba sifa ya mtu mwema nayo ni mali ya parokia.

YAFAA TUKUMBUKE

Kwa wenye magari makuukuu, na kwa vijana wanaojifunza ufundi, nayaandika hapa kwa kifupi yale tuliyofunzwa chini ya mwembe. Altaneta ikifa mara ya kwanza, yaweza kuwa uzee. Ikifa mara ya pili, usikimbilie sokoni. Kwanza, uliza gari lilifanyiwa kazi gani kabla ya ugonjwa kuanza. Pili, ifungue ile iliyokufa uone jeraha lake: kaboni, beringi, mafuta au diodi. Tatu, tazama mkanda. Nne, ichaji betri, iache ipumzike, uipime, volti 12.6 ni afya, 10.5 ni chumba kilichokufa. Tano, injini ikinguruma na taa zikiwaka, pima penye altaneta, kisha penye betri. Tofauti ikiwa kubwa, itafute katika njia ya kwenda na katika njia ya kurudi. Na kamwe usichomoe waya wa betri wakati injini inakwenda, hata kama fundi wa jirani afanya hivyo kila siku. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga kuta tatu kwa ufa wa waya mmoja.

Altaneta ile ya nne ilifanya kazi miaka mitatu, mpaka kaboni zake zilipokwisha kwa uzee, kifo cha haki. Njia yetu imeona mengi tangu hapo. Mwezi wa nne mwaka 2020 mafuriko yalibeba nyumba za Uvira. Mwaka 2025 vita viliingia Bukavu, vikashuka hata Kamanyola, na watu wengi walikimbia kuelekea kusini na magodoro vichwani. Mtoto aliyezaliwa baada ya usiku wa Ngomo alianza shule ya msingi mwaka 2024. Mama yake humfundisha kumsalimu dereva kwa jina la Baba.

Basi, ndugu zangu, nyumbani, shuleni au parokiani, taa ikizimika msiulize kwanza: «Nani ameiba mwanga?» Ulizeni: «Ni wapi njia imekatika?» Mara nyingi mtaikuta mahali pasipotazamwa, ina kutu, nayo yaweza kufungwa upya kwa bei ya chakula cha siku moja.